Safari ya Taratibu Kwenda Kusini

Juma lililopita sikuwapo hapa studioni, na baadhi yenu mmeuliza kama naumwa. Ahsanteni kwa kunijali. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa safarini, nimempeleka mama yangu mzazi kwao Lindi.

Nilipowaaga wenzangu kazini na kuwaambia kwamba nitatumia siku tano kufika Lindi, walicheka. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni kama kilometa 450, na barabara ni ya lami mwanzo mpaka mwisho. Basi linaloondoka alfajiri linafika huko jua lingali juu. Mmoja akaniuliza kama ninakwenda kwa miguu. Nikamjibu kwamba ninakwenda na mama, na mama ndiye aliyepanga safari.

Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Ndani ya kijaluba cha gari langu, chini ya kitambaa cha kufutia kioo, palikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, na karatasi hiyo ilikuwa ikingoja dole gumba la mama. Sikuwa na haraka ya kufika kwa sababu sikujua nitaitoa vipi.

Kisa chenyewe ni hiki. Babu yangu mzaa mama aliacha shamba la minazi, ekari 4, kando ya bahari, katika kijiji kimoja cha pwani kaskazini ya mji wa Lindi. Baada yake shamba lilitunzwa na mjomba wangu, kaka yake mama. Na kwetu kusini, msikilizaji, mjomba ni mtu mzito. Mjomba alifariki Mei 2024. Kama unakumbuka, huo ndio mwezi ambao mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, na magari ya kwenda na kutoka kusini yakakwama kwa siku kadhaa. Mama alikuwa ndani ya mojawapo ya mabasi hayo. Alilala siku mbili njiani, maiti ikazikwa bila yeye, naye akarudi Dar es Salaam na kanga yake ya msiba ikiwa bado imekunjwa kwenye mkoba.

Hata mwaka haukupita, akajitokeza mnunuzi. Simtaji, wala haina haja. Alitoa shilingi milioni 18. Sisi tumezaliwa watano kwa mama, na sote tunaishi mijini. Ukigawa, kila mmoja anapata milioni 3 na laki 6. Dada yangu mkubwa alitaka tuuze, mdogo wangu wa mwisho alitaka tuuze, na mimi ninayezungumza nawe, mwenye mkopo wa benki usiokwisha na ada za watoto watatu, nilitaka tuuze kabla ya wote. Nikapewa kazi ya kumpelekea mama karatasi. Mama alipoambiwa kwamba kuna jambo la shamba, alisema neno moja tu: "Nipelekeni kwanza."

Basi tukaondoka Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti 2025, watu watatu: mama mwenye umri wa miaka 72, mimi, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, kijana wa miaka 22 ambaye anauza mikanda na kava za simu Kariakoo. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wetu. Alikuwa amekwisha kuahidiwa na mama yake kwamba sehemu ya fedha za shamba itakuwa mtaji wake wa kufungua kibanda. Kwa hiyo ndani ya gari lile dogo kila mmoja alikuwa na lake moyoni.

Sharti la mama lilikuwa kwamba gari lisizidi mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Tulipovuka Mbagala na Kongowe na kuingia njia ya Vikindu, mabasi yalianza kutupita kama tumeegesha. Karibu na Mkuranga askari wa usalama barabarani alitusimamisha, akalizunguka gari, akatazama matairi, kisha akauliza lina ubovu gani. Mama akateremsha kioo. "Shikamoo mama," akasema askari. "Marahaba mwanangu. Gari ni zima, ila mimi ninatazama nje." Askari akatabasamu, akaturuhusu.

Na kweli mama alikuwa akitazama nje. Mimi nimepita barabara ile mara nyingi kwa shughuli za kazi, lakini nimeipita kama wengi wetu tunavyoipita, nimevuta pazia la dirisha na kichwa kimelala begani kwa abiria mwenzangu. Sikuwahi kuona jinsi mikorosho inavyoanza kidogo kidogo, kisha inakuwa ndiyo nchi yenyewe. Agosti mikorosho imetoa maua, na katika baadhi ya mashamba wakulima walikuwa wakipuliza salfa asubuhi, vumbi la njano limetanda chini ya matawi, na harufu yake inaingia mpaka garini. Mama alikuwa akisimamisha gari kila alipoona jambo. Hapa alinunua korosho. Pale alinunua mihogo ya kuchoma. Pengine alisimama tu akamsalimu mwanamke aliyekuwa akisuka makuti, wakazungumza nusu saa, kisha akapanda garini bila kununua kitu.

Tulilala Kibiti. Asubuhi yake tukapita Ikwiriri na kufika kwenye Daraja la Mkapa, lililovuka mto Rufiji. Hapo nami niliomba tusimame.

Msikilizaji kijana pengine hajui maana ya daraja lile. Lilifunguliwa mwaka 2003, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Lupaso, wilayani Masasi. Urefu wake unakaribia kilometa moja. Kabla ya hapo palikuwa na pantoni, pale Ndundu. Mimi nililala pale ng'ambo ya kaskazini siku mbili wakati wa mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, nikiwa kijana wa shule ninayekwenda kumsalimu babu. Mto ulikuwa umejaa. Abiria tulikula mihogo mpaka ikatuchosha, na mbu walitula sisi. Wakati ule kwenda kusini ilikuwa ni kuaga. Watu walifunga safari ya basi bila kujua siku ya kufika, na waliokuwa na nafasi walingoja meli. Hata daraja lilipokamilika, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60, kiliendelea kuwa tope na mchanga kwa miaka mingi kabla ya kuwekwa lami.

Mpwa wangu alisikiliza yote hayo, kisha akasema, "Mjomba, kwa hiyo watu wa kusini walikuwa wamefungiwa?" Nikamwambia naam, kwa namna fulani walikuwa wamefungiwa. Mama akadakia kutoka kiti cha nyuma: "Tulikuwa tumefungiwa, na ardhi yetu ilikuwa haina wateja."

Niligeuka kumtazama. Alikuwa anatazama mto.

Mbele kidogo tukapita njia ya kuingia Muhoro. Ni mahali padogo, na mwenye haraka hawezi kupakumbuka. Lakini hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita vya Maji Maji kuanza katika vilima vya Matumbi. Vita vile viliendelea hadi mwaka 1907 na kuenea kusini yote. Shuleni tulifundishwa habari hizo kwa ajili ya mtihani. Hatukuambiwa kwamba ni hapa, karibu na muuza machungwa.

Somanga tulikula samaki wa kukaanga. Mama alishuka, akasogea mpaka mahali ambapo maji yalikata barabara ile Mei ya mwaka 2024. Pametengenezwa. Alisimama pale na sahani yake mkononi, akasema, "Nilifika mpaka hapa." Hakuongeza neno, nasi hatukuuliza.

Nangurukuru barabara inagawanyika. Wa Lindi wanaendelea, wa Kilwa wanashika kushoto. Sisi tulishika kushoto, kwa sababu mama alisema kwamba amesikia Kilwa tangu utotoni na hajapata kuingia. Tukapitia Kilwa Kivinje. Ni mji mzuri unaohuzunisha. Katika karne ya 19 ulikuwa mlango wa misafara iliyotoka Ziwa Nyasa, na bidhaa kubwa iliyopita hapo ilikuwa binadamu. Baadaye Wajerumani wakaufanya makao yao ya wilaya. Majengo ya ghorofa ya wakati ule yamebaki kuta, na miti imeotea ndani. Hapo Kivinje pia ndipo penye Mwembe Kinyonga, panapokumbukwa wapiganaji wa Maji Maji walionyongwa. Jina lenyewe halihitaji maelezo.

Tulilala Masoko usiku ule, na Jumatatu asubuhi, baada ya kulipia kibali katika ofisi ya mambo ya kale, tukavuka kwenda Kisiwani. Mkondo si mpana, lakini Agosti ni wakati wa kusi, na mawimbi yalikuwa na nguvu. Mama alishika ubao wa mashua kwa mikono miwili, akasoma dua kimyakimya mpaka tukagusa mchanga.

Ndugu msikilizaji, sote tumesikia habari za Kilwa. Lakini kusikia ni jambo moja, na kusimama chini ya kuba za Msikiti Mkuu ni jambo jingine. Sehemu za kale za msikiti ule zina umri wa miaka mia tisa na zaidi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu kuwa mmoja wa miji mizuri aliyoiona. Karne ile ile sultani Al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea la pembe nane. Utajiri huo ulitokana na dhahabu iliyoteremshwa pwani ya Sofala, huko ambako leo ni Msumbiji, na ikapita mikononi mwa watu wa Kilwa. Sarafu zao wenyewe walizipiga hapa. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Kisha mwaka 1505 Wareno wakaja na mizinga.

Mwongozaji wetu alitueleza kwamba UNESCO iliviweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kwamba mwaka 2004 magofu haya yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikila ufuko na kuta zilikuwa zikianguka. Kazi kubwa ilifanyika. Kuta zilishikizwa upya kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mikoko ikapandwa, na wenyeji wa kisiwa wakashiriki. Mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha ile ya hatari.

Mpwa wangu alikuwa amenyamaza tangu tuingie msikitini. Mwisho akauliza, "Mjomba, sasa watu wenyewe walikwenda wapi?" Kabla sijajibu, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani akasema, "Sisi si hawa tupo?" Akacheka, akaenda zake. Kwa kweli nilitahayari kwa niaba yetu sote. Tumezoea kuyatazama magofu kana kwamba hayana wenyewe.

Siku ya pili mama alibaki Masoko kupumzika, akaniagiza niende Songo Mnara na kijana halafu tuje kumhadithia. Safari ya huko ni ndefu zaidi, na mashua haifiki nchi kavu maji yakitoka. Tuliteremka, tukakunja suruali, tukatembea kwenye tope katikati ya mikoko. Songo Mnara ulikuwa mji hai katika karne ya 14 na ya 15. Nyumba zake za mawe bado zinasomeka: hapa mlango, hapa baraza ya wageni, hapa shubaka za kuwekea vyombo. Lakini kilichonigusa ni makaburi. Hayakufichwa nje ya mji. Yamo katikati, mahali pa wazi, na nyumba zimeyazunguka. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale wameeleza kwamba watu walikuwa wakija kwenye makaburi hayo na kuacha vitu vidogo, vijiwe vyeupe na hata sarafu.

Jioni nilimhadithia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, ile karatasi iliyo garini inasemaje kuhusu kaburi la mjomba wako?"

Msikilizaji, mimi ni mtu mzima, nimekwisha kuwahoji mawaziri, lakini pale nilikuwa mtoto wa darasa la tatu aliyekamatwa na embe la jirani. Kumbe alikuwa ameiona karatasi tangu siku ya kwanza, alipotafuta kitambaa afute kioo. Nikaenda garini nikaileta, nikamsomea. Karatasi ilitaja ekari, mipaka na fedha. Kaburi halikutajwa.

"Nilijua hutaniambia mpaka tufike," akasema. "Nikaona bora tuende polepole, labda utapata nguvu."

Alfajiri ya Jumatano tukaondoka Masoko. Tulipita Kiranjeranje, tukavuka mto Mbwemkuru, na alasiri tukaingia nchi ya Mchinga. Mpwa wangu alipunguza mwendo mwenyewe bila kuambiwa. "Bibi," akauliza, "hawa wa Mchinga ndio Wamachinga?" Mama akajibu kwamba Wamachinga ni kabila, na kwamba bibi yake aliye nyuma ya gari ni mmoja wao, na yeye dereva pia ni damu yao. Kijana akapigwa na butwaa. Kila siku Kariakoo anaitwa machinga. Alidhani ni jina la kazi, au la matusi. Neno hilo, kama wengi wanavyolieleza, lilitokana na vijana wa kusini, Wamachinga na jirani zao, waliokuja Dar es Salaam kutembeza bidhaa mikononi. Leo tunamwita machinga hata kijana aliyetoka upande mwingine kabisa wa nchi, na wenye jina tumewasahau.

Kijiji cha mama kiko kando ya barabara, lakini shamba liko ufukoni. Sababu ni Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 watu walihamishwa kutoka ufukoni, wakawekwa pamoja karibu na barabara. Mama wakati huo alikuwa msichana wa miaka 21. Alitueleza kwamba babu alikubali kuhamisha nyumba, lakini kila siku baada ya swala ya alfajiri aliteremka kwa miguu kwenda kuitazama minazi yake. Mjomba akarithi desturi hiyo.

Alhamisi tuliteremka sote, pamoja na mama mdogo na mwenyekiti wa kijiji. Kaburi la mjomba liko upande wa juu wa shamba, chini ya mwembe, karibu na la babu. Mama alifungua mkoba wake, akatoa ile kanga ya msiba ambayo hakuivaa mwaka 2024, akajifunga, akaketi. Sisi wanaume tulisogea pembeni tukamwacha.

Mwenyekiti alitutembeza. Mnunuzi alikuwa amekwisha kusimamisha vigingi, na kigingi kimoja kilikuwa hatua sita tu chini ya makaburi. Upande wa bahari, minazi kadhaa ilikuwa imeanguka, mizizi iko nje, maji yamekula udongo. Mwenyekiti akatueleza jambo ambalo mimi, pamoja na stashahada yangu ya uandishi wa habari, sikuwa nimelifikiria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kwa hiyo sehemu nzuri zaidi ya lile shamba, ile inayopendeza kwenye picha, si ya kujengwa. Tena ile ni ardhi ya kijiji, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na haiwezi kwenda kwa mtu asiye wa kijiji mpaka halmashauri ya kijiji iridhie. Karatasi yangu iliyopigwa chapa haikuwa na nafasi ya mhuri wa kijiji. Ilikuwa na nafasi ya dole la mama tu.

Tulipokuwa tunarudi, mpwa wangu aliniita. Alikuwa amekuta mstari wa miche ya minazi, iliyozungushiwa miiba ili mbuzi wasiile. Ilikuwa 11. Mama mdogo akasema kwamba mjomba aliipanda msimu wa mwisho wa uhai wake. Mnazi wetu mrefu wa asili, msikilizaji, unaweza kuchukua miaka 6 au 7 kabla ya kuzaa. Mjomba alikuwa na miaka 78.

Usiku ule, baada ya chakula, niliiweka karatasi mbele ya mama. Nilimweleza shida zetu zote bila kuficha, mkopo wangu na mtaji wa kijana pia. Alinijibu maneno ambayo ninayarudia kama alivyoyasema.

"Sikukatazeni kuuza. Mimi naondoka, shamba ni lenu. Lakini mtu anayeuza lazima ajue anauza nini. Waite ndugu zako wote wanne. Waje hapa kwa miguu yao, walale usiku mmoja, waone alipolala mjomba wao, waihesabu minazi. Wakimaliza wakasema tuuze, nitaweka dole, na makaburi yatakatwa nje ya mpaka. Lakini dole langu silipeleki kwa gari."

Basi hapo ndipo mambo yalipofikia. Ndugu zangu wamekubali kwenda Desemba shule zikifungwa. Sijui watasema nini. Mimi mwenyewe sijui nitasema nini, maana benki haikunifutia deni kwa kuwa nimeona kaburi. Mpwa wangu alirudi na nazi 200 zilizoangushwa kwenye shamba la babu yake, pamoja na korosho kidogo, akazipeleka sokoni Dar es Salaam. Ananiambia faida si haba, na kwamba atarudi mwezi ujao bila kunisubiri.

Ndugu msikilizaji, sikukuhadithia habari hizi ili kukuambia usiuze shamba. Kuna shida zinazomlazimu mtu kuuza, na mwenye shida hashauriwi kwa hadithi. Nimekuhadithia kwa sababu pwani yetu, kutoka Tanga mpaka Msimbati, inauzwa kila siku, na aghalabu wanaoiuza ni watu kama mimi, tunaokaa mjini na kugawa kwa kalamu kitu ambacho hatukukiona tangu utoto. Anayenunua amefika, amepima, amepiga picha. Anayeuza ndiye hajafika.

Kwa hiyo ninayo mambo matatu tu. Kama familia yako ina ardhi kijijini, nenda ofisi ya kijiji ukaulize habari za hati ya hakimiliki ya kimila, kabla hajaja mtu na vigingi. Pili, karatasi yoyote isiyopitia halmashauri ya kijiji usiitie sahihi, wala usimpelekee mzee wako aweke dole. Na tatu, siku moja katika mwaka, mchukue mama yako au baba yako akiwa hai, mwende kwao, na umwachie yeye apange mwendo wa gari.

Sisi tulirudi Dar es Salaam siku moja tu, kutoka alfajiri hadi magharibi. Mama alilala njia nzima, na dirisha lake lilikuwa na pazia.

Hadi juma lijalo, saa kama hizi, nakutakia usiku mwema.